MANYOYA YA BATA: SABABU YA KUTOLOWA KWAKE, NA KAZI YAFAAYO

Masika yaanzapo kunyesha katika nchi ya Uchaga, tangu Kibosho na Machame huko juu hata uwandani Bomang'ombe, kila mfugo hutafuta pa kujificha. Kuku hukimbilia uvunguni mwa ghala, mbuzi hulia mlangoni, na mtoto atokaye shule hukata jani la mgomba akajifunika kichwa. Bata peke yake hutoka nje. Hutembea polepole katikati ya matope, hutia mdomo dimbwini, na mvua impigapo mgongoni maji huviringana mfano wa ushanga yakaanguka chini, naye hubaki mkavu. Jambo hili twaliona tangu utoto, na kwa kuwa twaliona sana hatuulizi sababu yake. Leo twapenda kulieleza, kwani watu wengi wafugao bata wamepoteza ndege wao kwa kutojua jambo hili lilivyo. Na walimu nao watapata humu somo la kuwafundisha watoto pasipo kununua kitu.

Kwanza yafaa tujue twasema habari za ndege yupi, maana jina la bata limebebeshwa ndege wengi. Bata mzinga si bata hata kidogo. Yeye ni wa jamii ya kuku na kanga, na manyoya yake si kama ya ndege wa majini. Bata bukini ni ndugu wa bata wa kweli, na jina lake latokana na Bukini, ambalo ndilo jina la zamani la kisiwa cha Madagascar katika Kiswahili. Bata aonekanaye zaidi katika miji yetu ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele illa kufoka kwa sauti ya chini. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Ndege huyu hupenda kulala juu ya miti iliyo karibu na mito, na hata leo ana kucha kali za kushikia matawi. Na tezi yake ya mafuta, tutakayoieleza baadaye, ni ndogo kuliko ya bata wengine, kwa hiyo haogelei sana kama wao. Bata weupe wenye mdomo wa rangi ya chungwa, ambao uzao wao watoka Uchina, ndio waogeleaji hasa. Tena wako bata wa mwitu wanaotua katika mabwawa na mashamba ya mpunga ya uwandani. Haya tutakayoyasema yawahusu wote, illa kwa kiasi mbalimbali.

Ukimkamata bata na kumfunua kifua, utaona mavazi ya namna mbili. Juu kuna manyoya magumu kidogo, yaliyopangwa moja juu ya jingine kama makuti au nyasi za paa. Na chini yake, karibu na ngozi, kuna manyoya mororo yasiyo na uti mgumu, ambayo Waswahili huyaita malaika. Yale ya juu ni paa, na yale ya chini ni blanketi. Bata wa mwitu mmoja aweza kuwa na manyoya zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa ni mafupi sana, hata mtu asiyeyatenga kwa kidole hawezi kuyaona.

Sasa chukua unyoya mmoja wa juu. Katikati una uti. Kutoka katika uti huo huchipuka nyuzi nyembamba kulia na kushoto, nazo ndizo zifanyazo ule ubapa wa unyoya. Mtu akitazama kwa kioo cha kukuzia ataona kwamba kila uzi una vijiuzi vingine vidogo mno pande zake mbili. Na vile vya upande mmoja vina kulabu, nazo hushika vijiuzi vya uzi wa jirani. Hivyo unyoya wote hufungamana ukawa kitu kimoja, mfano wa zipu ya koti. Vuta ubapa wa unyoya kwa vidole mpaka upasuke, kisha upapase tangu chini kwenda juu: utafungamana tena kama kwamba haukupasuka. Bata afanyapo kazi ile ya kujichokoa manyoya kwa mdomo asubuhi na jioni, watu hudhani ana chawa au anajiona mzuri. La, yuafunga zipu zake.

Katikati ya vijiuzi hivyo mna nafasi ndogo sana, na nafasi hizo zimejaa hewa. Hapo ndipo penye siri. Maji yana tabia ya kujivuta pamoja, kana kwamba yamevikwa ngozi nyembamba. Ndiyo sababu tone huwa mviringo, na ndiyo sababu mdudu mwepesi aweza kusimama juu ya maji ya kisima asizame. Tone liangukapo juu ya unyoya wa bata hugusa ncha za vijiuzi tu, na chini yake mna hewa. Haliwezi kuingia katika nafasi hizo nyembamba, kwa kuwa kuingia kwataka ile ngozi yake ipasuke. Basi hubaki limekaa juu ya hewa, mfano wa mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba, ambaye mwili wake wagusa kamba tu. Na kitu kisichoshikwa sana huteleza upesi. Bata ajitikisapo mara moja, matone yote huruka.

Wakulima wa mlimani hawana haja ya bata ili kuliona jambo hili. Na waende katika mfereji wapandapo magimbi, wamwagie maji jani la gimbi. Maji yatakimbia juu yake mfano wa zebaki, na jani litabaki kavu. Jani hilo halikupakwa mafuta na mtu. Lina vinundu vidogo sana vilivyofunikwa kwa nta, na katikati ya vinundu mna hewa, kama tulivyosema juu ya unyoya. Gimbi na bata hawana ujamaa wowote, lakini wote wawili wamefika pahali pamoja.

Watu wengi, na hata vitabu vingi, husema kwamba bata halowi kwa sababu ya mafuta tu. Neno hili ni kweli nusu. Katika mwaka 1944 na 1945 wataalamu wawili wa Uingereza, Cassie na Baxter, waliokuwa wakichunguza mambo ya nguo na sufu katika mji wa Leeds, walipima jinsi maji yanavyosimama juu ya vitu vyenye matundu na nyuzi, nao walitazama pia manyoya ya bata. Walitaka kujua namna ya kufuma kitambaa kisichopenya mvua. Waliona ya kuwa unyoya wa bata haukufanywa kwa kitu cha ajabu kipitacho vyote kwa kuyakataa maji; umefanywa kwa kitu kile kile cha kucha zetu na pembe za ng'ombe. Ajabu yake ni mpango wake, yaani unene wa vijiuzi na nafasi iliyo katikati yao. Hesabu waliyoiandika yatumika mpaka leo katika viwanda vya nguo na vya rangi, nayo huitwa kwa majina yao.

Lakini mafuta nayo yana kazi, na si kazi ndogo. Juu ya mkia wa bata, mahali mkia ushikanapo na mgongo, pana tezi yenye chuchu na kishada kidogo cha manyoya. Bata huibana kwa mdomo, akatoa kitu chenye asili ya nta kuliko mafuta ya kupikia, kisha hukipaka kifuani na mbavuni. Na pale mdomo usipofika, kama shingoni, hukisugua kwa kichwa. Nta hiyo hulainisha unyoya usikauke na kukatika, na huyasaidia maji kuteleza. Unyoya uliokauka hukatika kulabu zake, na zipu iliyokatika meno haifungi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mpango wa unyoya ndio unaokataa maji, na nta ndiyo inayoutunza mpango huo. Ukiondoa kimoja, cha pili hakidumu.

Tena si kila ndege wa majini apendaye kuwa mkavu. Yuko mnandi, yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu aonekanaye katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Manyoya yake ya nje hulowa upande wa ukingoni, na hewa hutoka. Mtu angesema ni hasara. Kumbe mnandi hula samaki, naye hutaka kuzama upesi, na hewa nyingi katika manyoya ingemrudisha juu kama boya. Ndiyo maana baada ya kuvua hukaa juu ya mti mkavu amekunjua mabawa mawili, kama mtu aanikaye kanzu. Bata hahitaji kuanika, kwani aghalabu chakula chake hukipata juu ya maji au karibu.

Mwalimu atakaye kuonyesha haya darasani na atafute manyoya matatu ya kifuani au ya mbavuni ya bata mmoja, na bakuli mbili, moja yenye maji safi na moja yenye maji ya sabuni. Unyoya wa kwanza adondoshee maji safi; watoto wataona matone yakitembea. Unyoya wa pili autie katika maji ya sabuni na kuusugua kidogo. Utalala, utashikamana, na maji yatauingia, kwa maana sabuni hudhoofisha ile ngozi ya maji tuliyoitaja. Watoto wengi watasema, "Sabuni imeondoa mafuta." Hapo mwalimu asiwajibu upesi. Na autie unyoya wa tatu katika sabuni vile vile, kisha ausuze kwa maji safi mara nyingi, hata povu lisionekane kabisa. Auanike kivulini, na ukishakauka aupapase kwa vidole mpaka nyuzi zifungamane. Siku ya pili adondoshee maji. Matone yatatembea tena, ijapokuwa hakuna aliyeupaka mafuta. Somo hili latimiza mambo mawili: watoto wajua habari ya unyoya, na wajua pia kwamba jibu la kwanza lijalo kichwani si lazima liwe ndilo.

Sasa tuje katika jambo lenye hasara. Katika miteremko ya Machame na Kibosho mifereji ya maji hupita katikati ya vihamba, na ni desturi kufulia nguo kando yake. Maji ya povu hushuka, na bata wa jirani wa chini huyaoga. Bata hajui sabuni ni nini; huona maji tu, akajitupa. Dakika chache baadaye maji yamepenya hata ngozini. Mwili wa bata una joto la digrii 41 au 42, kupita la mtu, na maji huchukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Basi bata aliyelowa katika baridi ya Juni na Julai, ukungu ulipofunika mlima, hutetemeka usiku kucha, na asubuhi huonekana amekufa pasipo jeraha wala ugonjwa wa kuonekana. Hapo maneno huanza: fulani ana kijicho, fulani ametia sumu. Tumesikia ugomvi wa namna hii, nao hauna haki. Kabla ya kumshitaki jirani, mwenye bata na atazame maji wanayooga ndege wake.

Vivyo hivyo kwa oili chafu. Bomang'ombe ni mji wa njia kuu, ndipo magari ya Moshi na Arusha yapitapo na ndipo njia ya Sanya Juu ichepukapo, nao haukosi gereji. Oili imwagwapo chini hushuka na mvua hata mitaroni. Mafuta ya mashini hayafanani na nta ya bata hata kidogo. Unyoya huyakataa maji, lakini huyapenda mafuta. Huyanyonya, na nyuzi zake hugandamana, nafasi za hewa zikazibwa. Kisha bata hujaribu kujisafisha kwa mdomo, akayameza, na tumbo likaharibika. Hivyo hupata mauti kwa njia mbili.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana Afrika ya Kusini katika Juni 2000, meli iitwayo Treasure ilipozama karibu na Cape Town, na mafuta yake yakaenea mpaka visiwa vya Robben na Dassen. Pengwini karibu 19,000 walipakwa mafuta hayo. Watu wengi wa kujitolea walikuja kuwaosha mmoja mmoja kwa sabuni na mswaki. Yafaa kujua walivyofanya: hawakuwapaka ndege mafuta mengine badala ya yale yaliyotoka. Waliwasuza sana kwa maji safi, mpaka sabuni yote itoke, kisha wakawaacha wakauke na kujichokoa wenyewe mpaka manyoya yafungamane. Na hawakuwarudisha baharini kabla hawajawa tayari. Wengi sana walipona. Basi mtu aliye na bata aliyepakwa oili na afanye hivyo hivyo, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, asuze zaidi ya anavyodhani yatosha, na amweke ndani mahali pa joto penye majani makavu. Asimwache aende majini siku ile ile. Na mwenye gereji atie oili yake katika pipa. Hili hatudhani lahitaji maelezo marefu.

Kuna kosa jingine, nalo ni la watu wema wapendao ndege wao. Wengi huatamishia kuku mayai ya bata, kwa kuwa kuku ni mlezi hodari. Vifaranga wakitoka huonekana wamevaa malaika ya manjano, na mwenye mji husema, "Hawa ni bata, wapelekwe majini." Lakini kifaranga hana bado yale manyoya ya juu tuliyoyaita paa, ana blanketi peke yake. Kifaranga alelewaye na mama bata hulala chini ya kifua chenye nta, hukaushwa na kupashwa moto kila atokapo majini, na mama humwita nje kabla hajachoka. Kuku hana nta ya namna ile, tena hubaki ukingoni akilia, asiweze kuwafuata. Vifaranga hulowa, hushindwa kupanda kingo za ndoo au shimo, nao hufa. Twashauri hivi: katika majuma ya kwanza wapewe maji ya kunywa katika chombo kipana kisicho na kina, chenye mawe ndani, ili watie mdomo na kuosha pua wasiweze kuzama. Wakiisha kuota manyoya ya kweli kifuani na tumboni, ndipo waachiwe kuoga, tena mchana wa jua.

Na bata wazima nao, mtu asiseme kwamba kwa kuwa hawalowi hawahitaji banda. Bata alalaye juu ya matope na mavi hushikamana manyoya ya tumboni, na hapo mahali ndipo palipo muhimu zaidi. Banda lake si lazima liwe la gharama. Lataka sakafu kavu yenye nyasi au maranda yanayobadilishwa. Tena bata anyimwaye maji ya kuoga kabisa huharibika manyoya kidogo kidogo, mwishowe mvua ikinyesha hulowa kama kuku. Huko uwandani maji ni ya shida wakati wa kiangazi, twajua; lakini beseni moja lenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha kichwa chote latosha, na maji hayo machafu yakimwagwa katika shina la mgomba hayapotei bure.

Basi manyoya yenyewe yana faida gani kwa mtu? Faida iliyo kubwa ni ya malaika, si ya manyoya ya juu. Malaika hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo, kupita karibu kila kitu wanadamu walichokigundua kwa kujifunika. Katika nchi za baridi kali yuko bata wa baharini ambaye hujing'oa malaika ya kifuani na kutandika kiota chake. Watu wa Iceland huyaokota katika viota pasipo kumwua ndege, na kuyauza kwa bei kubwa. Mwaka 1922 George Finch, mmoja wa Waingereza waliojaribu kupanda mlima Everest, alijishonea koti la kitambaa cha puto lililojazwa malaika ya bata huyo. Wenzake walimcheka kwanza, lakini walipofika juu penye upepo walilitamani. Baada ya hapo desturi ilienea, na leo wageni waupandao Kilimanjaro, wafikapo karibu na Uhuru kwenye mita 5,895, wengi wao wamevaa manyoya ya bata au ya bata bukini ingawa hawayaoni.

Hapa wako vijana wengi wa Hai na Siha waendao mlimani kuwa wapagazi, ambao huko huitwa wagumu, nao wabeba mifuko ya kulalia ya namna hii. Hao yawapasa kujua neno moja kubwa. Malaika hayana zipu wala paa. Juu ya bata hukaa makavu kwa sababu yamefunikwa na manyoya ya nje. Yakitengwa nayo na kutiwa katika mfuko wa kitambaa, mvua ya msituni ikiyafikia hushikamana yakawa madonge, hewa hutoka, na joto huisha. Mfuko uliolowa katika njia ya Machame siku ya kwanza hautampasha mtu moto siku ya nne. Kwa hiyo mfuko wa malaika na ufungwe ndani ya mfuko usiopenya maji kabla ya kuondoka langoni, hata kama jua linawaka, maana mvua ya mlimani haina hodi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini tangu Juni 1, 2019, basi na litafutwe turubai au mfuko wa mpira uliofanywa kwa kazi hiyo. Na ukilowa, usifungwe mbichi. Utandazwe upepo na jua vipatikanapo, na madonge yafikichwe kwa mikono taratibu. Mwenye mfuko wa nyuzi za kiwandani ana nafuu wakati wa mvua, ingawa mzigo wake ni mzito zaidi. Na kwa mpagazi alalaye katika hema lililochoka, sisi twaona huo ndio bora.

Nyumbani manyoya yafaa kwa mito na magodoro. Mtu achinjapo bata na atenge manyoya ya kifuani na tumboni, ayatie katika mfuko wa chandarua, ayaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ayasuze mpaka maji yatoke meupe, na kuyaanika kwenye upepo akiugeuza mfuko kila siku. Yasipokauka barabara yatanuka, na mto utatupwa. Manyoya yenye uti mgumu yaondolewe, maana huchoma. Ganda la mto liwe la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kwani marekani nyepesi hupenyeza vijiuti. Mto mmoja wataka bata wengi, hivyo mtu asivunjike moyo akiona kazi yakwenda polepole. Na aweke akiba ya kila sikukuu.

Kusema kweli, atakaye mito mingi kwa upesi na atazame msufi. Sufi nayo ina mrija wa hewa katikati ya kila uzi na nta juu yake, haipokei maji upesi, na kwa sababu hiyo ilitumika zamani kujaza majaketi ya kuokolea watu baharini. Haiwi mororo kama malaika ya bata, lakini hupatikana kwa kuokota.

Kuna kazi moja ndogo ambayo tumeipenda kwa uzuri wake. Wavuvi wa samaki aitwaye trauti, waliopelekwa katika mito ya Kenya mwaka 1905, hutumia nzi wa bandia afungwaye juu ya ndoana. Tangu zamani watu wa milima ya Jura, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walijua kwamba yale manyoya machache yazungukayo tezi ya bata huelea vema kuliko mengine, nao huyafunga katika nzi hao ili wasizame. Bata mmoja hutoa machache tu. Wachinjaji wetu huyatupa pamoja na mkia.

Manyoya yang'olewe kwa bata aliyechinjwa, au yaokotwe yaliyoanguka yenyewe wakati wa kubadili manyoya. Kumng'oa bata aliye hai ni kumtesa, tena ni kumwondolea paa lake kabla ya mvua. Na ikiwa bata au kuku wengi wafa kwa pamoja katika mji, manyoya yao yasiguswe wala kuuzwa, nyama isiliwe, na Bwana Mifugo wa kata aarifiwe siku ile ile, kwa kuwa yako magonjwa ya ndege yawezayo kumwingia mtu.

Mabua marefu ya mabawa, yasiyofaa kwa mto, mwalimu na ayachukue. Ncha ikikaushwa katika mchanga wa moto mpaka iwe ngumu, kisha ikachongwa mshazari kwa kisu kikali na kupasuliwa kidogo katikati, huwa kalamu ya wino, ijapokuwa ya bata bukini ni nene na hudumu zaidi.